Jinsi ya Kuchagua Shokapu za Kudumu kwa Pikapu Nzito

Shokapu haibebi mzigo, na mnunuzi anayelisahau hilo huanza kupoteza fedha kabla hajafika dukani. Uzito wa gari na wa shehena hubebwa na springi, kwa hiyo pikapu iliyolala mkia au iliyoinama upande mmoja ina springi zilizochoka, zilizovunjika au zilizoelemewa, na hakuna shokapu ya kawaida, hata iwe ghali namna gani, itakayoiinua. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi. Springi ikibonyea hujaza nguvu ambayo ni lazima itoke, na isipozuiwa hulirusha gari juu na chini mara kadhaa baada ya kila shimo. Ndani ya shokapu, pistoni huilazimisha oili ipite katika matundu membamba na valvu zake, na ile nguvu ya mrusho hugeuka kuwa joto ambalo hutoka kupitia ukuta wa bomba na kupotelea hewani.

Joto hilo ndilo linaloamua umri wa shokapu katika gari zito. Pikapu ya tani 3 inayokwenda kasi kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi madogo yanayofuatana huzifanyisha shokapu zake kazi mamia ya mara kwa kila dakika, bila kupumzika, na oili iliyomo inaweza kupita nyuzi 100 za Selsiasi. Oili iliyopata moto huwa nyepesi na hupita kwenye matundu kwa urahisi, kwa hiyo shokapu hulegea. Mpira wa sili, unaoziba oili isitoke, nao hukakamaa polepole hadi oili ianze kutoka. Ndiyo maana karibu kila ushauri unaofuata unarudi kwenye maswali mawili: shokapu hii italitoaje joto lake, na je, urefu wake unalingana na mwendo wa ekseli ya gari hili? Maandishi ya kwenye boksi yanayosema kwamba bidhaa ni ya kazi nzito hayajibu swali lolote kati ya hayo.

Hakikisha kwanza kwamba shokapu ndizo zilizokufa

Desturi ya kubonyeza kona ya gari kwa mikono na kuhesabu linavyoruka haisaidii sana kwenye pikapu ya mizigo, kwa kuwa springi zake ni ngumu mno kubonyezwa na uzito wa mtu mmoja. Ishara za kuaminika zaidi ni tairi zinazolika kwa vilima na mabonde kuzunguka mzingo wake, pua inayozama kupita kiasi breki zinapokanyagwa, mkia unaohama pembeni kwenye kona yenye mashimo, na rangi ya bomba iliyovimba kwa joto. Kuhusu oili, tofautisha unyevu na uvujaji. Utando mwembamba ulioshika vumbi karibu na sili ni jambo la kawaida, kwa sababu shafti, yaani fimbo ya chuma inayoishika pistoni, hutoka na oili kidogo inayoilainisha sili. Lakini bomba lililolowa hadi chini, au tone linaloning'inia, maana yake ni kwamba shokapu hiyo imekwisha.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha joto. Baada ya mwendo mrefu kwenye barabara mbovu, pima kila shokapu kwa kipimajoto cha mionzi, na si kwa mkono mtupu kwa sababu bomba linaweza kuunguza. Ile iliyo baridi waziwazi kuliko mwenzake wa ekseli hiyohiyo haifanyi kazi yake. Papo hapo kagua pia bushi za springi (vipande laini vinavyokaa kwenye viungio na kupokea mitikiso), bolti za U zinazoshikilia ekseli, na bolijointi za mbele, kwa kuwa kuyumba kunakosababishwa na vitu hivyo hakutaondolewa na shokapu mpya.

Ujue uzito halisi wa gari lako

Kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva hutaja uzito wa juu unaoruhusiwa kwa gari zima na, katika magari mengi, kwa kila ekseli. Hiyo ni mipaka tu, na haikuambii gari lako lina uzito gani leo likiwa na keria ya chuma, bampa nzito, tangi la ziada na sanduku la vifaa. Lipeleke kwenye mizani na lipime ekseli moja moja, kwanza likiwa tupu kama linavyotembea siku za kawaida, kisha likiwa limepakiwa. Na kama linavuta trela, lipime trela ikiwa imeunganishwa, kwa sababu shingo ya trela hukandamiza ekseli ya nyuma na kuipunguzia uzito ya mbele.

Namba hizi mbili, ya gari tupu na ya gari lililopakiwa, ndizo zitakazomwezesha muuzaji anayejua kazi yake kukupa shokapu iliyorekebishwa kwa masafa sahihi ya uzito. Kwenye pikapu uzito wa ekseli ya nyuma unaweza kukaribia kuongezeka maradufu kati ya hali hizo mbili, na hapo ndipo ugumu wa uchaguzi ulipo: shokapu inayotuliza vizuri springi iliyobeba tani moja itakuwa ngumu mno sanduku la mizigo likiwa tupu. Watu wengi hununua kwa ajili ya siku moja nzito kuliko zote katika mwaka, kisha huvumilia siku nyingine zote wakitikiswa. Ni afadhali kuchagua kwa ajili ya mzigo unaobebwa mara nyingi zaidi. Kama kweli gari hubadilika kila wiki kati ya tupu na kujaa, shokapu zenye kitasa cha kurekebisha ugumu zinastahili gharama yake, mradi kitasa hicho kiwe mahali ambapo hakitajazwa matope na kuganda.

Ugumu wenyewe una sura mbili, na muuzaji anayezungumzia sura moja tu bado hajakueleza kitu. Upo ugumu wa kubonyea, tairi inapopanda juu ya jiwe, na upo ugumu wa kufunguka, springi inapojisukuma kurudi. Kwa kawaida ule wa kufunguka hufanywa kuwa mkubwa zaidi, kwa sababu ndio unaoishika nguvu iliyohifadhiwa na springi. Ukizidi mno, springi haipati muda wa kurudi kabla ya tuta linalofuata. Gari hushuka kidogo kidogo kwa kila wimbi hadi likae juu ya raba za kikomo, yaani zile raba za kwenye chesi zinazoipokea ekseli inapopanda hadi mwisho, na kuanzia hapo kila kishindo hukipata chuma. Kwa hiyo shokapu ngumu kuliko zote dukani si lazima iwe ndiyo yenye maisha marefu, na inaweza kupasua mabano ya chesi inamofungwa. Ukibadilisha springi ukaweka ngumu zaidi, shokapu nazo zinahitaji nguvu zaidi ya kufunguka. Ni vyema viwili hivyo vinunuliwe kwa kupatanishwa.

Bomba moja au mabomba mawili

Shokapu ya mabomba mawili ina silinda ya ndani ambamo pistoni hutembea, na bomba la nje ambalo ni hifadhi ya oili. Ni ya gharama nafuu, msuguano wake ni mdogo, na bomba la nje likigongwa na jiwe hadi likabonyea kidogo pistoni huendelea kufanya kazi kama kawaida. Udhaifu wake ni kwamba joto la silinda ya ndani lazima livuke oili ya hifadhi kabla ya kufika hewani, na kwamba hewa na oili hukaa pamoja katika hifadhi. Shokapu ikitikiswa kwa kasi, hewa huchanganyika na oili na kuwa povu, na povu linapopita kwenye valvu shokapu haina nguvu tena hadi itulie. Kupunguza tatizo hilo, watengenezaji huweka gesi ya naitrojeni yenye mgandamizo mdogo badala ya hewa. Wengine huweka sponji yenye vijichumba vilivyofungwa, ambayo husinyaa na kutanuka bila kuchanganyika na oili, na kwa pikapu za mizigo mfumo huo ni mzuri.

Shokapu ya bomba moja ina pistoni inayotembea moja kwa moja ndani ya bomba la nje, na chini yake pistoni nyingine isiyo na shafti inayotenganisha oili na naitrojeni yenye mgandamizo mkubwa, mara nyingi kati ya ba 20 na 30 (ba moja ni karibu sawa na mgandamizo wa hewa ya kawaida). Kampuni ya Bilstein ya Ujerumani ilianza kuzitengeneza kwa wingi mwaka 1957 kwa ajili ya magari ya Mercedes-Benz, na kanuni yake haijabadilika sana tangu hapo. Joto hutoka moja kwa moja hadi kwenye upepo, povu halifanyiki kwa urahisi, na kwa ukubwa uleule wa nje inaweza kupewa pistoni pana zaidi. Hata hivyo bomba lake likibonyezwa na jiwe, pistoni hukwama au hukwaruzwa, na shokapu imekufa siku hiyo hiyo. Sili yake pia hukaa chini ya mgandamizo wakati wote, hata gari likiwa limeegeshwa.

Gesi hiyo huisukuma shafti itoke. Mgandamizo wa ba 25 juu ya shafti ya milimita 14 hutoa msukumo wa karibu nyutoni 385, sawa na kuinua kilo 39 hivi, kwa hiyo gari linaweza kunyanyuka kidogo baada ya kubadilishiwa shokapu, hasa likiwa tupu. Hilo lisikudanganye ukadhani umepata uwezo zaidi wa kubeba.

Maoni yangu ni kwamba gari linalotembea kwenye mawe makali likiwa na shokapu za nyuma zinazoning'inia wazi chini ya ekseli litadumu zaidi na shokapu nene ya mabomba mawili, yenye gesi au sponji. Gari linalokwenda mwendo mrefu na wa kasi kwenye barabara ya mawimbi, mahali penye joto, lipewe ya bomba moja, tena iliyokingwa na kibati upande wa mawe. Zile zenye tangi la pembeni, iwe limeshikana na bomba au limeunganishwa kwa paipu, huongeza oili na nafasi ya kupoza. Ni nzuri sana kwa kazi hiyo ya pili, lakini paipu ni kitu kimoja zaidi cha kukatika, na mwenye gari la kazi za kawaida hana haja nazo.

Vipimo vinavyosema ukweli

Muulize muuzaji kipenyo cha pistoni na kipenyo cha shafti, na asipojua, tafuta katika jedwali la mtengenezaji. Pistoni ya milimita 46 ina eneo kubwa kuliko ya milimita 35 kwa zaidi ya asilimia 70, kwa hiyo hutoa nguvu ileile kwa mgandamizo mdogo wa oili, na bomba pana hubeba oili nyingi zaidi ya kugawana joto. Shafti nayo huonewa na mizigo ya pembeni, hasa kwenye shokapu ndefu. Ukakamavu wa chuma cha duara dhidi ya kupinda huongezeka kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake, jambo ambalo huifanya shafti ya milimita 20 kuwa na ukakamavu unaozidi mara nne ule wa shafti ya milimita 14. Tofauti hiyo haionekani ukiitazama tu kwa macho.

Angalia pia uso wa shafti. Kromu ngumu iliyong'arishwa vizuri huilinda sili. Kikitokea kidoa kimoja cha kutu au mkwaruzo, kila mpito wa shafti huikata sili kama msumeno. Bomba lililopakwa zinki kisha rangi hustahimili chumvi na matope kuliko lenye rangi peke yake. Kuhusu sili, mpira wa kawaida wa naitrili unatosha kwa kazi nyingi, lakini kwa gari linalopikwa kila siku tafuta shokapu zenye sili za mpira wa fluoro, ambao hustahimili joto kubwa zaidi kwa mbali.

Kwenye bushi, mara nyingi mimi huchagua mpira. Bushi za poliyurethani huchelewa kulika na hustahimili oili, ila hupeleka mitikiso kwenye chesi, hulia zikikauka, na hazikubali kupindishwa pembeni kama mpira unavyokubali, wakati ekseli nzima inayoinama upande mmoja huipindisha bushi ya shokapu kwa kila bonde. Lililo muhimu kuliko aina yake ni kwamba bushi ziuzwe peke yake. Shokapu yenye bushi isiyobadilishika hutupwa kwa sababu ya kipande cha mpira ingawa valvu zake bado ni nzima.

Urefu, mahali ambapo shokapu nzuri huuawa

Shokapu nyingi za gharama kubwa hufa mapema kwa sababu ya sentimita chache. Ikiwa ndefu mno ikibonyea, pistoni hugonga chini kabla ekseli haijafika kwenye raba ya kikomo, na uzito wote wa kishindo hupokelewa na valvu na mabano. Ikiwa fupi mno ikifunguka, hugeuka kuwa mnyororo unaoishika ekseli isianguke, na shafti hung'olewa kidogo kidogo kutoka kwenye pistoni. Gari lililoinuliwa kwa springi ndefu au vipande vya kuinulia haliwezi kuendelea na shokapu za urefu wa kiwandani.

Ili kupima, egesha gari kwenye sakafu iliyosawazika, zuia tairi, na pima umbali kati ya kiini cha bolti ya juu na cha bolti ya chini gari likiwa limesimama kwa uzito wake wa kawaida. Kisha pima nafasi iliyobaki kati ya ekseli na raba ya kikomo. Toa nafasi hiyo kutoka kwenye kipimo cha kwanza, na pia unene ambao raba itabonyezwa, na utapata urefu mfupi kabisa ambao shokapu italazimika kuufikia. Iliyofungwa kabisa lazima iwe fupi zaidi ya hapo, kwa milimita 15 hadi 25 hivi kama akiba. Kwa urefu wa kufunguka, inua chesi kwa jeki, iweke juu ya stendi imara, ondoa shokapu ya zamani, shusha ekseli taratibu huku ukitazama paipu ya breki na waya wa ABS (mfumo unaozuia tairi zisigande breki zinapokanyagwa) zisivutwe, kisha upime tena. Hesabu ya kubonyea hapo juu ni sahihi pale shokapu inaposimama karibu wima kwenye ekseli nzima. Mbele, ambako mara nyingi kila tairi hupanda peke yake, shokapu hufungwa ndani zaidi kuliko tairi na hutembea kidogo kuliko tairi yenyewe, kwa hiyo pima kwenye bolti za shokapu na usikadirie kwa mwendo wa tairi.

Mlalo wa shokapu nao una hesabu yake. Kwa mzigo unaopanda na kushuka, sehemu ya nguvu inayobaki ni mraba wa kosaini ya pembe kutoka wima: kwenye nyuzi 30 hubaki asilimia 75, na kwenye nyuzi 45 hubaki nusu. Usihamishe mabano ili kupata nafasi bila kulifikiria hilo. Wala usishangae kuona shokapu moja ya nyuma imefungwa mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake. Mpangilio huo husaidia kuzuia ekseli isijizungushe chini ya springi za mapande (zile za vyuma bapa vilivyopangwa juu ya vingine) gari linapovuta kwa nguvu.

Dhamana na bidhaa bandia

Dhamana ya maisha haiahidi kwamba shokapu itaishi maisha yote. Mara nyingi huahidi kuibadilisha ikivuja, kwa mnunuzi wa kwanza, akiwa na risiti, na huondoa magari ya biashara au yaliyoinuliwa. Soma masharti hayo kabla ya kuiamini ahadi iliyoandikwa mbele. Bidhaa bandia hutambulikana kwa namba ya sehemu isiyolingana na jedwali la mtengenezaji, mshono wa kulehemu uliovimba ovyo, na kromu yenye mawimbi ukiielekeza kwenye mwanga. Shokapu inayoweza kufunguliwa na kubadilishiwa sili na oili hugharimu zaidi mwanzoni, na inafaa tu kama vipuri hivyo na fundi mwenye mashine ya kujazia naitrojeni vinapatikana. La sivyo umenunua uwezo usioutumia.

Kuzifunga

Badilisha shokapu mbili za ekseli moja kwa pamoja. Zile za mabomba mawili zilizokaa zimelala ghalani zisimamishwe wima na zibonyezwe na kufunguliwa mara 4 au 5 kabla ya kufungwa, ili hewa iliyoingia katika silinda ya ndani irudi juu kwenye hifadhi. Zile za gesi hufungwa kwa mkanda kiwandani. Ukiukata, shafti hutoka yenyewe, kwa hiyo weka uso mbali, na kamwe usitoboe wala usichomee bomba lake kwa moto. Usiishike shafti kwa koleo hata kidogo. Mbele, ikiwa shokapu imezungukwa na springi ya koili, mpe kazi hiyo fundi mwenye kibano sahihi cha springi, kwa maana springi inayoponyoka inaweza kuua.

Bolti zinazopita ndani ya bushi zisikazwe gari likiwa limening'inia. Ziingize, zikaze kidogo tu, shusha gari likae kwa uzito wake, kisha kaza kwa spana ya toku, ile inayopima nguvu ya kukaza, hadi kipimo cha mtengenezaji. Bushi ya mpira iliyokazwa ikiwa imejisokota hubaki imesokoteka safari nzima na hupasuka mapema. Baada ya kilometa mia chache za kwanza rudi chini ya gari, kaza bolti zote upya, na tazama kama kuna alama ya kusuguana kwenye paipu za breki, kwenye rimu, au kwenye chesi usukani ukiwa umezungushwa hadi mwisho pande zote mbili.